Leo Umeokota Wapi? Adabu ya Kazi Mahali Panapopigwa Filamu

Msomaji mpendwa, yapo mambo ambayo sisi akina mama hujifunza kwa aibu. Hili tunalotaka kuzungumza nawe mwezi huu tulijifunza kwa njia hiyo.

Kwaya yetu ya akina mama hapa Mwanza ilichanga fedha mwaka mzima ili nyimbo zetu zipigwe picha za video. Wengine waliuza maandazi, wengine dagaa, wengine walikata katika fedha za matumizi. Tukachagua mahali ambapo kwaya nyingi za mji huu huchagua, yaani juu ya mawe makubwa kando ya ziwa. Fundi wa video alituagiza tufike saa 2 asubuhi. Tulifika. Yeye alifika saa 5, bila salamu wala samahani. Jua la saa 7 likatukuta tumesimama na sare zetu juu ya jiwe linalochoma kama kikaango. Maji hayakuwapo, choo hakikuwapo, wala kivuli.

Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi minne. Wimbo uliposimamishwa alikwenda kando ya jiwe, akalegeza kitenge, akamnyonyesha mwanawe. Kijana msaidizi wa fundi akampiga picha. Huenda hakukusudia ubaya. Huenda aliona tu kwamba mama, mtoto na ziwa nyuma yao ni sura nzuri. Lakini hakuomba. Baada ya wiki moja picha ile ilikuwa ikizunguka katika simu za watu. Na hapa ndipo penye aibu yetu: baadhi yetu tuliipokea, tukacheka, tukampelekea mwingine.

Mwenzetu hakuja mazoezini Jumatano ile, wala Jumatano iliyofuata. Tulipokwenda kumtazama, mumewe alitukaribisha vizuri, akatuwekea viti, kisha akauliza swali moja tu: "Mama zangu, mlikuwa wengi pale. Hakuna hata mmoja aliyesema basi?"

Hatukuwa na jibu. Toka siku ile tumekuwa tukiulizana: mahali panapopigwa picha, nani anapaswa kusema nini, kwa nani, na lini? Maana si kwaya tu. Binti zetu wanaitwa kuigiza katika filamu na tamthilia. Watoto wetu wanatafutwa kwa matangazo ya biashara. Nyumba zetu zinaombwa zitumike kwa siku mbili. Wengine wetu ni waigizaji wenyewe, wapambaji, washona mavazi, au ndio wanaopika chakula cha kundi zima. Kazi hii imeingia katika familia za Kikristo. Hatuna budi kuijua adabu yake.

MJI WETU ULIVYOPIGWA PICHA

Wakazi wa Mwanza hatuwezi kuzungumza habari ya kamera bila kukumbuka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ambayo wengi hapa nchini waliijua kwa jina la filamu ya mapanki. Mapanki, kama ujuavyo, ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 2004 na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria. Ilionyesha uwanja wetu wa ndege, ndege kubwa za mizigo zilizobeba minofu kwenda Ulaya, marubani wageni, watoto wa mitaani, na mabinti waliokaa na marubani hao usiku. Ilisifiwa sana nje. Mwaka 2006 ilishindaniwa tuzo ya Oscar kule Marekani, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya César huko Ufaransa.

Hapa nyumbani ilileta hasira. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi, na watu wa Mwanza wakaandamana kuipinga. Mwandishi mmoja wa habari wa Kitanzania aliyeongea katika filamu hiyo alikamatwa na kuhojiwa. Mtengenezaji alikuwa amekwisha ondoka zamani. Waliobaki ni wenyeji.

Hatuandiki haya ili kufufua ugomvi. Umaskini ulioonyeshwa haukuwa wa kubuni wote, na mwenye kusema kweli juu ya maskini hafanyi dhambi. Tunalotaka ulione ni jambo la adabu. Mtengenezaji mwenyewe amesimulia kwamba ili kupanda ndege zile, yeye na mwenzake walijifanya marubani na wapakiaji mizigo. Vijijini watu waliwadhania kuwa wamisionari. Viwandani walidhaniwa kuwa wakaguzi wa usafi kutoka Ulaya. Fikiri, mama: mwanamke wa kijijini anamfungulia mgeni mlango na moyo, akidhani anaongea na mtumishi wa Mungu, kumbe anaongea na dunia nzima.

Na mmoja wa wale mabinti, aliyesema mbele ya kamera kwamba angependa kusoma, aliuawa kabla filamu haijakamilika, kama filamu yenyewe inavyoeleza. Alikuwa mtoto wa mtu. Watu wa nchi nyingi wameiona sura yake, naye hakupata kujua picha yake imefika wapi.

JIRANI ZETU WA NG'AMBO YA ZIWA

Sasa tuvuke ziwa hili hili twende Uganda. Mwaka 2016 ilitolewa filamu ya Queen of Katwe, ambayo Mira Nair aliipiga kwa sehemu kubwa Kampala, katika mitaa ya watu wa kawaida. Ni habari ya kweli ya binti wa Katwe aliyejua mchezo wa sataranji. Wengi wa watoto walioigiza walikuwa wa hapo hapo Kampala. Mmoja wao, Nikita Pearl Waligwa, aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo mwaka huo wa 2016. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini Mira Nair hakusema hayamhusu tena. Alisaidia kukusanya watu na fedha ili binti apelekwe India kutibiwa. Nikita alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 15. Hakupona, lakini wazazi wake hawakuachwa peke yao.

Hapo ndipo penye tofauti ya kazi na kazi. Kamera zinafanana, taa zinafanana. Kinachotofautiana ni kama mtu aliye mbele ya kamera anaonwa kuwa mtu, au anaonwa kuwa picha tu.

SHAMBA LA BOAZI

Biblia haizungumzi habari za filamu, lakini inazungumza habari za kazi. Soma tena Ruthu sura ya 2, safari hii ukiwa na jambo hili moyoni. Ruthu ni mgeni, maskini na mjane kijana. Anakwenda kuokota masazo katika shamba asilolijua, penye vijana wa kiume wengi. Mwenye shamba anafanya nini? Kwanza anawasalimu wafanyakazi kwa jina la Bwana. Kisha anauliza binti huyu ni nani, wala hampiti kama kijiti. Anawakataza vijana wasimguse. Anamwonyesha maji ya kunywa. Wakati wa chakula anamwita aketi na wengine, ale ashibe. Na anaagiza asiaibishwe.

Akina mama, kila jambo la adabu ambalo wenye filamu wakubwa duniani wameliandika katika vitabu vyao vya taratibu limo katika shamba lile: salamu, kujuana, usalama wa mwili, maji, chakula, na heshima ya aliye mdogo kuliko wote. Basi tuyachukue moja moja.

1. KUJULISHANA KABLA YA KUANZA

Kundi la filamu ni watu wengi. Yupo mwongozaji, ambaye vijana humwita dairekta. Yupo mtayarishaji anayeshika fedha. Wapo mpiga kamera, mtu wa sauti, mtu wa taa, mpambaji na msimamizi wa mavazi. Mahali penyewe wao hupaita lokesheni. Binti yako anapoitwa, ana haki ya kujua nani ni nani, na nani wa kuambiwa likitokea jambo. Kwa kawaida mwigizaji humsikiliza mwongozaji mmoja. Akielekezwa na kila mwenye kofia, hapo hapana utaratibu.

Tena, kupiga filamu nchini mwetu kunataka kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inasema hivyo, na Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia. Si utovu wa heshima mzazi kuomba kukiona kibali. Mwenye nacho atakitoa kwa furaha. Asiye nacho atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu tosha.

Mwigizaji na apewe mchezo wote ulioandikwa, asome tangu mwanzo hadi mwisho, si ukurasa wake tu. Makubaliano yaandikwe: malipo ni kiasi gani, yatalipwa lini, picha zitaonyeshwa wapi. Neno la mdomo hupeperuka kama moshi wa dagaa.

2. SAA NI SAA

Katika kazi hii kuchelewa kwa mtu mmoja ni kuwachelewesha wote. Jua halingoji. Picha iliyoanzwa asubuhi ikimaliziwa jioni, vivuli vimehama na mtazamaji ataona. Kwa hiyo mfundishe binti yako kufika nusu saa kabla, ameoga, amekula, na maneno yake ameyashika kichwani. Simu izimwe, si kupunguzwa sauti tu. Neno la kuanza likitolewa, kila mtu anyamaze, hata anayepika. Nguo aliyovaa leo asiipeleke nyumbani kufua bila ruhusa, maana kesho huenda ikahitajika na vumbi lile lile.

Lakini saa ina pande mbili. Mwongozaji anayedai watu wafike saa 12 asubuhi na aseme pia wataondoka saa ngapi. Mama mwenye mume na watoto hawezi kukaa hadi saa 6 usiku kwa neno la "bado kidogo". Na binti asiachwe barabarani usiku atafute bodaboda peke yake. Waliomchukua wamrudishe.

3. MAJI, CHAKULA NA CHOO

Utaona ajabu tukiweka choo katika makala ya filamu. Uliza mwanamke yeyote aliyesimama kutwa kando ya ziwa bila choo, atakuambia kwa nini. Kundi lenye adabu hufikiri kwanza mahali pa kujisitiri, mahali pa wanawake kubadilishia nguo pasipochunguliwa, maji ya kunywa yaliyo safi na kivuli. Mama anayenyonyesha apewe nafasi yake. Chakula kiwe kwa wote. Si vizuri waigizaji wakubwa wale pilau na wale wa kusimama kwenye kundi la watu wapewe soda tu. Hapo ndipo utakapoijua imani ya mwenye kazi, hata kama gari lake limeandikwa mstari wa Biblia.

4. MWILI WA MTU SI KIFAA

Hapa ndipo akina mama wengi huogopa, nao wana sababu. Mwaka 2017 dunia nzima ilisikia wanawake wa Marekani wakimtaja mtayarishaji mkubwa, Harvey Weinstein, kwamba kwa miaka mingi aliwadhulumu waigizaji katika vyumba vya hoteli kwa kisingizio cha mazungumzo ya kazi. Baada ya hapo taratibu zilibadilika. Mwaka 2018 kampuni ya HBO ilianza kuweka mtu maalum wa kusimamia maonyesho ya mapenzi, ili kila mguso upangwe kabla, mwigizaji aukubali, wala pasiongezwe kitu mbele ya kamera.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema kwamba mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe kazi au nafasi ametenda kosa la rushwa. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113. Binti yako na alijue hilo kabla hajatoka nyumbani.

Mwambie hivi: usaili haufanyiki chumbani nyumba ya wageni, wala usiku. Nenda na mwenzako, na pawepo watu wengine. Mpambaji anapotaka kukushika uso au kurekebisha nguo, na aseme kwanza. Mtu wa sauti anayetaka kukufunga kinasa sauti ndani ya blauzi, na akupe ukifunge mwenyewe au amwite mwanamke.

Na wewe uliyeolewa, ukiitwa kuigiza, mweleze mumeo mchezo wote mapema. Kama kuna mahali pa kukumbatiana na mume wa mwingine, asikuone kwanza katika televisheni ya jirani. Kila nyumba itaamua mpaka wake mbele za Mungu. Yuko mama anayeweza kuigiza mlevi ili wengine waone ubaya wa ulevi, yuko mwingine dhamiri yake inakataa. Wote tuwaheshimu. Ila kama utakataa, kataa kabla ya kutia sahihi. Kukataa siku ya kazi, watu arobaini wakingoja, ni kuwatia hasara wasiokosa. Lakini wakikuongezea jambo ambalo halikuandikwa, hapo hata siku ya kazi una haki ya kusema hapana.

5. UHAI KWANZA, PICHA BAADAYE

Tarehe 21 Oktoba 2021, kule New Mexico, Marekani, watu walikuwa wakijaribu onyesho la filamu iitwayo Rust. Bastola iliyotangazwa kuwa haina hatari ilikuwa na risasi ya kweli. Ilimwua mpiga picha Halyna Hutchins, mama wa mtoto mmoja. Kabla ya msiba huo baadhi ya wenzake wa kamera walikuwa wameacha kazi wakilalamikia hali ya usalama. Mwaka 2024 mahakama ilimtia hatiani mwanamke aliyekuwa msimamizi wa silaha.

Sisi wa kando ya Nyanza hatupigi sana filamu za bastola, ila tunapanda mitumbwi. Nani wa Mwanza asiyekumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu wetu? Au tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu 228? Basi mwongozaji akisema kwamba maboya yanaharibu sura ya picha, mwambie binti yako ashuke. Watu wa kamera wanaweza kupiga picha karibu na ufuko, maji yakiwa magotini, na mtazamaji asijue. Hata maji ya magotini yana kichocho, na kwingine mamba. Wenyeji wa mwalo waulizwe kwanza. Na mawe yetu huteleza yakilowa.

Aliye mdogo kuliko wote katika kundi awe na ruhusa ya kusema "simameni, hapa pana hatari" bila kutukanwa.

6. MTOTO NA FEDHA ZAKE

Hapa tujihukumu sisi wenyewe. Mwaka 1921 mtoto wa Kimarekani, Jackie Coogan, aliigiza pamoja na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, akawa mashuhuri na kuingiza mamilioni ya dola. Alipofikia umri wa miaka 21 alikuta fedha zimetumiwa. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake mzazi na baba yake wa kambo, akaambulia dola 126,000 tu. Kwa sababu hiyo jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Siku hizi sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato iwekwe akiba kwa ajili ya mtoto.

Sheria yetu ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, tena inakataza kumfanyisha kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Masomo yake hayawezi kupisha kamera. Mama au mlezi awepo pale pale, si nyumbani akingoja bahasha. Asilizwe machozi ya kweli kwa kutishwa ili picha ipendeze. Na fedha yake, hata ikiwa shilingi elfu kumi, apate kuona sehemu yake ikiwekwa. Namba 116 ni ya kutoa taarifa za watoto wanaodhulumiwa.

7. NYUMBA YAKO IKIOMBWA

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa filamu huja na magari, nyaya, taa na watu wa kila namna. Kubaliana nao kwa maandishi: vyumba vipi vitatumika, siku ngapi, umeme nani atalipa, kilichovunjika nani atanunua. Chumba cha kulala cha baba na mama kifungwe. Picha za familia ukutani ziondolewe. Jirani waambiwe mapema, hasa penye mgonjwa au msiba, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Wakimaliza, kitanda kirudi kilipokuwa na uwanja ufagiliwe. Kundi linalofagia kabla ya kuondoka utalikaribisha tena.

Nasi wenyeji tuna adabu yetu. Tusijazane mbele ya kamera, tusiwapige picha waigizaji kwa simu na kuzituma kabla filamu haijatoka, wala tusipandishe bei ya kiti mara tatu kwa kuwa tumeona kamera.

8. SALAMU NA KINYWA

Asubuhi mwigizaji mkubwa na amsalimie mpishi. Msukuma akisema "mwangaluka", hata mgeni wa Dar es Salaam hapungukiwi kitu kuitikia. Mwongozaji asimtukane mtu mbele ya wengine. Mwenye kosa avutwe kando. Mwigizaji asimfundishe mwenzake kazi, hilo ni la mwongozaji. Siri za mavazini na za mezani zisitoke. Na malipo yatolewe siku iliyosemwa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, wala hawakusema akopwe.

TULIVYOFANYA SISI

Msomaji, utataka kujua mambo ya mwenzetu yaliishaje. Maji yakimwagika hayazoleki. Tulimwendea fundi, wazee wawili wa kanisa wakiwa pamoja nasi, naye akafuta picha ile mbele yetu na kuomba radhi yeye na kijana wake. Lakini zile zilizokwisha toka, nani angezikusanya? Kisha tukafanya lililokuwa gumu zaidi. Tulikwenda kwa mwenzetu, na kila aliyeituma picha ile alisema kwa kinywa chake mwenyewe, "Mimi niliituma, nisamehe." Wengine walilia. Yeye alinyamaza muda mrefu. Alisema atafikiri.

Baada ya miezi mitatu tulipanga kurudia video kwa fundi mwingine. Tuliandika masharti yetu katika ukurasa mmoja wa daftari: saa ya kuanza na kumaliza, maji, kivuli na choo, akina mama wanaonyonyesha wapewe turubai lao, asipigwe mtu picha nje ya wimbo bila kuombwa, picha zote tuzione kabla hazijatoka. Fundi alisoma, akatia sahihi, akasema kwaya nyingine hazimwandikii kitu na yeye mwenyewe angependa ziandike, maana humwepusha na ugomvi.

Siku ile mwenzetu alikuja. Mumewe alimleta, akabeba mtoto, akaketi kivulini hadi wimbo wa mwisho. Hakutuambia neno juu ya yaliyopita. Ila mara moja kamera ilipogeukia upande wa turubai, tulisikia sauti za akina mama wasiopungua kumi zikisema kwa pamoja: "Basi!"

Ruthu aliporudi jioni, mkwewe Naomi alimwuliza ameokota wapi siku ile, akambariki yule aliyemwangalia. Hakuuliza kwanza ameleta kiasi gani. Mama mpendwa, binti yako atakaporudi kutoka lokesheni, mwulize vivyo hivyo: leo umeokota wapi? Nani alikuwapo? Ulikula na nani? Nani alikusindikiza? Uliza kila siku, kwa upole, ili siku akiwa na neno zito awe amezoea kukujibu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi

1. Je, umewahi kupokea na kutuma picha ya mtu ambaye hakupenda? Utafanya nini sasa?
2. Mtoto wako akiitwa kuigiza kesho, maswali matatu ya kwanza utakayouliza ni yapi?
3. Wewe na mumeo mmekubaliana mpaka gani kuhusu kuigiza na kupigwa picha?
4. Katika kikundi chenu, nani ana ruhusa ya kusema "basi"?

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.